Usingoje watengeneze askari wa KAR, wabadilishe walioko

Kama unataka wale askari wadogo wa plastiki, wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), wa saizi ya 1/72 mezani kwako, usikae ukingoja kampuni ya ng'ambo iwakumbuke. Chukua wale wanauzwa tayari, ukate, ubandike, upake rangi, na utawapata. Mimi hufanya hii kazi hapa Kisumu, na naandika hii juu maelekezo mengi mtu atakutana nayo yameandikiwa watu wa nchi za baridi, na yako mambo ukiyafuata hivyo hivyo hapa kwetu na hili jua hayafanyi kazi.

Saizi kwanza. 1/72 maana yake mtu wa mita 1.72 anakuwa milimita 24, yaani anasimama vizuri juu ya kifuniko cha soda, na mimi hao wote huwagundisha kwa vifuniko kabla ya kupaka rangi ndio nisiwashike kwa vidole. Lakini usiamini sana kile kimeandikwa kwa boksi. Airfix wa Uingereza walianza kuuza hawa askari wadogo 1959, na zile seti zao za zamani ni nyembamba na fupi ukiziweka kando ya Italeri ama Zvezda. Kuchanganya si vibaya, ila usiwapange bega kwa bega, weka hawa upande huu wa meza na wale upande ule na hakuna mtu ataona. Wa kununua utaagiza, ama umwombe mtu wenu anayekuja kutoka majuu akubebee, boksi ni nyepesi. Na Jumapili pitia soko la Kibuye hapa Kisumu kwa wale wanamwaga vitu vya watoto vya mitumba, chambua pole pole, wakati mwingine kuna mfuko wa askari ndani.

Sasa plastiki. Kuna laini na kuna ngumu, na ukishika utajua: laini ukikunja mtutu wa bunduki unarudi, ngumu unavunjika. Ngumu ni rahisi, gundi ya plastiki inaiyeyusha kidogo vipande vikashikana kabisa. Hiyo laini ndiyo inafanya watu waache hii kitu, juu rangi haiishiki, unapaka leo inapendeza, kesho askari amepinda kidogo tu na bayoneti yote imebaki bila rangi. Dawa iko kabla ya rangi. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta mafuta ya kuitoa kwa moldi, kwa hivyo osha na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki wa zamani mpaka kwa makwapa na chini ya kofia, suuza, acha walale wakauke. Halafu chukua gundi nyeupe ya seremala, ichanganye na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, paka askari mzima. Ikikauka inakuwa ngozi nyembamba inayokunjika pamoja naye, na juu yake ndio unaweka rangi ya kwanza. Tumia akriliki, hata zile tyubu za wanafunzi za duka la vitabu ni sawa ukianza, si lazima rangi za modeli za kampuni kama Vallejo. Rangi za mafuta zile ngumu zikikauka hupasuka kwa plastiki laini. Ukimaliza kila kitu rudisha gundi tena kwa bunduki na bayoneti, hapo ndipo huguswa sana.

Jua la Kisumu ni shida ingine kabisa. Mchana akriliki inakauka kwa brashi kabla haijafika kwa askari, unaona imekuwa nyuzi nyuzi. Chukua sahani bapa, tandika tishu, lowesha, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na rangi uiweke hapo juu ya karatasi. Unyevu unapanda pole pole na rangi inakaa mbichi masaa mengi, ukifunika na sahani ingine unaikuta hata kesho. Kupaka usiku ni poa juu kuna baridi kidogo, lakini wale wadudu wa ziwa wanakuja kwa taa na wanatua kwa rangi mbichi, mmoja akikwama kwa uso wa askari wa milimita 24 amefunika uso wote. Usimtoe saa hiyo, utavuta rangi yote, ngoja ikauke umpanguse na brashi kavu. Na kila askari ukimaliza mfunike na mkebe wa mtindi uliooshwa.

Ngozi sasa, na hapa nitasema wazi, usipake mtu mweusi na rangi nyeusi. Nyeusi tupu inameza uso wote, pua huoni, mdomo huoni. Anza na kahawia nzito iliyotiwa nyekundu kidogo sana. Ikikauka, teremsha maji ya rangi ya kahawia inayokaribia nyeusi iingie kwa mifereji, shingoni, katikati ya vidole. Halafu chukua ile kahawia ya kwanza, ongeza manjano ya udongo, na kwa ncha ya brashi gusa daraja la pua, mashavu, kidevu, ngumi na magoti. Macho achana nayo, kwa hii saizi kivuli chini ya kofia kinatosha, ukichora macho anakuwa mtu ameshtuka. Na usiwape wote rangi moja, angalia tu watu kwa stendi ya matatu, kila mmoja na wake.

Kwa wa kwanza kabisa nakushauri uanze na Burma, juu hakuna kukata. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko 1944, ikashuka na bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa mpaka ikafika mto Chindwin, na alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Walivaa kofia ya ukingo mpana, kwa hivyo seti ya askari wa Australia wa Vita vya Pili iko karibu sana na wao, kofia iko, bunduki ya Lee-Enfield iko. Paka nguo kijani ya msituni, iliyopauka mabegani, tope mpaka magotini, ngozi vile nimesema. Hapa kwetu boma nyingi zilikuwa na mzee aliyeenda Burma hata kama picha yake haiko tena, na mimi hao ndio huwapaka kwa moyo wote.

Ukishazoea ingia 1914. Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na KAR wakatoka hapa Kisumu kwa meli kwenda kupigana nao. Hiyo ni vita ya huku kwetu kabisa na inataka kisu. Chagua askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza mwenye amesimama vizuri. Kata kofia na wembe mpya, mpya kweli, juu wembe butu unararua plastiki laini badala ya kukata. Tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki unaifinyanga na ile epoksi ya fundi bomba ya vipande viwili, kiasi cha punje ya mtama, vidole viwe na maji. Suruali unaifanya kaptula hivi: kwangua mikunjo chini ya goti, ongeza uzi mwembamba wa epoksi kuzunguka goti uwe pindo, na chini ya hapo paka ngozi. Viatu vikwangue soli na kisigino mpaka mguu ubaki peku, wengi walitembea hivyo. Ukibadilisha kichwa ama mkono, supagluu peke yake haishiki plastiki laini, toboa pande zote mbili na sindano ya moto, pitisha kipande cha waya wa simu, ndio ugundishe. Upande wa Wajerumani askari wao pia ni watu wetu na tarbushi za kaki, na vita vikianza kampuni zao nyingi zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zile za baruti ya moshi. Kwa hivyo kwao weka pamba kidogo kwa mdomo wa bunduki, kwa KAR usiweke, na mtu akiangalia meza atajua nani ni nani.

Na usipange hiyo meza bila wapagazi. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa na kichwa cha mtu, mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Ukipita Nairobi simama Kenyatta Avenue kwa ile sanamu ya 1928, yule mpagazi yuko hapo pamoja na askari, mpige picha kila upande uone vile amevaa. Kumtengeneza, tafuta askari mwenye mkono uko juu, ama anayetupa bomu, mnyang'anye kila kitu cha jeshi, nguo ifanye na tishu iliyoloweshwa gundi nyeupe ukiivuta na sindano ikunjike. Mzigo ni kipande cha kijiti kilichoviringishwa tishu na kufungwa na uzi wa kushonea. Mimi huweka wapagazi watatu kwa kila askari mmoja, na hao ndio huanza kupaka.