Dada, usisaini kabla hujaiona hiyo hati

Mleta mada, umeuliza mshahara, umeuliza gari, umeuliza namna ya kuzoeana na timu mpya ya ustawi wa jamii huko England, halafu mwishoni kabisa ukachomekea kwamba umepewa kesi ya mama wa miaka 84 aliyelazwa wodini, mwanawe anasema ana hati ya uwakili, yaani karatasi ya kumpa mamlaka ya kumwamulia mama, anataka mama aingie nyumba ya wazee Jumatatu, na msimamizi wako amekwambia umalizie fomu tu kwa kuwa familia imeshaamua. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Usisaini. Hiyo hati umeiona? Sisemi umeambiwa ipo, wala umeikuta imetajwa kwenye maelezo ya nesi. Nauliza kama umeishika mkononi ukaisoma.

Mimi sikuishika. Nilikuwa mgeni kazini kama wewe, nimetoka ustawi wa jamii halmashauri huko nyumbani Tanzania, na nimelelewa kuamini kwamba mtoto mkubwa akisimama kumsemea mama yake, mtu wa nje anasikiliza. Nikapewa bibi mmoja (mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike) aliyeanguka jikoni kwake. Hospitali wakakuta ana UTI. Anayefanya kazi na wazee anajua UTI inavyoweza kumvuruga mtu wa umri ule: anaweweseka, anamwita nesi kwa jina la dada yake, anaona watu ambao hawapo. Siku niliyofika wodini bibi alikuwa katika hali hiyo. Pembeni amekaa mwanawe, mtu mzima, mpole, ana folda mapajani. Akaipigapiga ile folda kwa kiganja akasema ana hati ya uwakili na mambo yote ya mama anayasimamia yeye. Jina langu alilitamka vizuri, jambo ambalo pale ofisini hakuna aliyekuwa amejisumbua kulijaribu. Nikamwamini.

Nikarudi kumweleza msimamizi, na hapa ndipo hasira yangu haijaisha hadi leo. Mtu mwenye uzoefu wa miaka, aliyetufundisha mwenyewe sheria ya uwezo wa kuamua, aliniambia: mwana ana hati, mama ana ugonjwa wa kusahau, hospitali wanataka kitanda, funga kesi. Nani alisema ana ugonjwa wa kusahau? Hakuna daktari aliyeandika hivyo popote. Lilianzia kwa mtu anayepanga wagonjwa wa kuruhusiwa, likaingia kwenye barua pepe, likanakiliwa kwenye fomu, na mimi nikalinakili tena kwa mkono wangu. Maneno ya korido yakageuka kuwa ugonjwa wa mtu. Na lalamiko lilipokuja, yule msimamizi hakukumbuka kuniambia chochote. Sikuwa na barua pepe hata moja ya kumkumbusha, maana kila kitu aliniagiza kwa mdomo, amesimama mlangoni.

Bibi akahamishwa. Dozi ikaisha, akanywa maji ya kutosha, kichwa kikatulia. Akaanza kuuliza atarudi lini kwake. Wahudumu wakamjibu kwamba familia imeamua abaki. Akawauliza familia ipi, wakati anayeishi kwenye hiyo nyumba ni yeye. Mimi sikupata habari kwa sababu kesi nilishaifunga. Wakati huohuo mwanawe alikuwa amerudisha funguo. Nyumba ilikuwa ya kupanga, bibi amekaa humo tangu alipoolewa, na mkataba ukishasalimishwa wenye nyumba wanampa mtu mwingine aliyeko kwenye foleni. Fanicha ziligawanywa. Cherehani yake ilipelekwa duka la mitumba la hisani.

Ilibidi mhudumu mmoja wa pale, dada wa Kizimbabwe, apige simu kwetu na kusisitiza kwamba huyu mama ana akili zake timamu. Akaletwa mtetezi wa kujitegemea, mtu wa kumsemea bibi mwenyewe, na kitu cha kwanza alichoomba ni ile hati. Folda ikafunguliwa. Ilikuwa ya fedha na mali tu. Kuhusu mama aishi wapi, haikuwa na neno hata moja.

Sasa shika hili. Hati hizi, wenyewe wanaziita LPA (Lasting Power of Attorney), ziko aina mbili, na kila moja ni karatasi yake. Ya fedha na mali inahusu benki, bili, nyumba, na mwenye nayo anaweza kuitumia hata mzazi akiwa mzima wa akili, ilimradi mzazi ameridhia. Ya afya na ustawi ndiyo inayogusa matibabu na mahali pa kuishi, na hiyo haifanyi kazi kabisa mpaka mwenyewe awe hana uwezo wa kuamua jambo hilo linalozungumzwa. Kuna pia hati za zamani zilizoandikwa kabla ya Oktoba 2007, nazo ni za fedha na mali peke yake. LPA yoyote ambayo haijasajiliwa na ofisi inayoitwa Office of the Public Guardian bado haina nguvu, hata kama imesainiwa na ukoo mzima. Nakala halali ya karatasi ina chapa ya ofisi hiyo iliyotobolewa kwa vitundu kwenye kurasa. Mwana asipokuwa nayo, kuna fomu ya OPG100 ya kuomba wakague daftari lao, na ni bure. Watu wa halmashauri na hospitali wana njia ya haraka pia pale mtu anapokuwa hatarini.

Na hata akiitoa ile ya afya na ustawi, imekamilika na ina chapa, bado hujamaliza. Sheria ya 2005, Mental Capacity Act, inaanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Unampima kwa uamuzi huo mmoja, kwa wakati huo: anaelewa anachoelezwa, anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, anakipima, anaweza kutoa jibu kwa njia yoyote. Mtu anayeweweseka kwa UTI leo anaweza kuwa sawa wiki ijayo, na uamuzi wa kuhama nyumba unaweza kumsubiri. Akichagua kurudi kwenye ngazi zilezile zilizomwangusha, sheria inasema uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi kwamba hana uwezo. Tena akipelekwa mahali ambako analindwa muda wote na haruhusiwi kutoka, hakuna hati ya mwana inayoweza kuidhinisha kumnyima uhuru wake. Hapo unahitajika utaratibu mwingine kabisa, na nyumba ya wazee inatakiwa kuuomba halmashauri.

Mdau uliyeandika hapo juu kwamba aheshimu familia kwa sababu Wazungu wamezoea kutelekeza wazee wao: nakuomba uache kumpoteza huyu dada. Heshima ninaijua na mama yangu yu hai. Kule England, ndugu wa karibu kwa undugu wake tu hana mamlaka ya kumwamulia mtu mzima. Unamsikiliza, unampa nafasi, anajua mengi ambayo wewe huyajui. Lakini huwezi kumheshimu mtoto kwa kumruka mama aliyelala hapo mnapozungumza.

Yule bibi alipata chumba kwenye nyumba za wazee wanaojitegemea, upande mwingine wa mji, mbali na kanisa lake na majirani zake. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunifokea. Alinitajia vitu vilivyokuwa kwenye kabati lake la jikoni, kimoja baada ya kingine, na mimi nikaviandika vyote, halafu nikazunguka nikivitafuta. Vichache nilivipata.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao chochote, mwambie huyo kaka kwa upole kwamba unahitaji kuona hati na kupiga nakala ya kila ukurasa. Mkweli hatakasirika. Kisha nenda kwa mama, mwombe mwana akanywe kahawa, ukae naye peke yako, saa ambayo manesi wanasema huwa ametulia zaidi. Hakikisha ana miwani yake na vifaa vya masikio. Muulize anataka kuishi wapi. Mwulize daktari kama matibabu ya maambukizi yamekamilika. Msimamizi akikusukuma, mwandikie barua pepe: umeniagiza nisaini bila kuona hati, naomba unithibitishie kwa maandishi. Mimi leo kila agizo la mdomo nalirudisha kwa maandishi, na mengi hayarudi tena. Ukiona mwana anakwepakwepa kuonyesha hati, au vitu vya mama vimeanza kuondolewa nyumbani, hapo imekuwa kesi ya ulinzi wa mtu mzima, kifungu cha 42 cha Care Act ya 2014, na ofisi ile ya usajili nayo inaweza kumchunguza.

Uliza pia kama nyumba ya mama ni ya kupanga. Kama ni ya kupanga, wapigie wenye nyumba siku hiyohiyo, waulize kama kuna mtu amesharudisha funguo.

Gari utalihitaji, ndiyo. Ukishaisoma hiyo hati rudi hapa utuambie ni ya aina gani.