Sika ya udi ina hesabu yake

Sheikh, unasema kwenye udi, ile ala ya nyuzi, sika hubahatishwa tu: yaani sauti ya tatu ya maqamu (ngazi ya sauti) ya rasti, inayoangukia kati ya vitufe viwili vya kinanda. La, haibahatishwi. Al-Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, aliieleza kwa uwiano wa 27/22 (uzi mzima kwa sehemu inayolia) na kuinasibisha na Zalzal, mpiga udi wa Baghdad. Ukianza rasti kwenye uzi mtupu wa sentimita 60, kidole kinakaa takriban sentimita 11 kutoka kichwani, pale uzi unapoanzia shingoni. Sauti ya nne iko 15, ya tano 20. Pima, utaona. Ila uzi uliokaa mbali na ubao wa shingo ukiubonyeza unakazika na sauti inapanda, basi rudisha kidole nyuma kidogo, kuelekea kichwani. Na wapigaji wa leo huishusha sika kidogo zaidi kwenye bayati, maqamu nyingine, kuliko rasti. Kodiani ya kawaida kwenye taarabu yetu haina kitufe cha sika, usiitumie kuamua ugomvi huu.