Umefika, mbona hufurahi?

Barua za wiki hii, kutoka Tukuyu mpaka Iringa, zimezunguka jambo moja. Nimechagua nne na kuzifupisha.

Nanunua viazi Uporoto napeleka Dar es Salaam. Nina fuso langu, nimemaliza nyumba ya vyumba vinne Isyesye, watoto wanasoma vizuri. Miaka kumi iliyopita ningeambiwa haya ningelia kwa furaha. Sasa naingia ndani, nakaa kwenye kochi, sisikii kitu. Nimelogwa?
*Baba wa watoto watatu, Mbeya*

Hujalogwa, kaka yangu. Umezoea. Anayeingia kutoka nje ndiye anayesikia harufu ya mboga inayoungwa. Aliyeshinda jikoni haisikii tena. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha mahojiano na watu 22 walioshinda bahati nasibu, wakiwalinganisha na watu wa kawaida wa maeneo yaleyale. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuwazidi wenzao. Tena vile vitu vidogo, kama kupiga soga na rafiki au kunywa chai ya asubuhi, viliwapa raha pungufu. Kundi lilikuwa dogo, lakini nawaamini, kwa sababu yamenipata.

Nilipoezeka nyumba yangu Igawilo, mvua ya kwanza ya Novemba ilinikuta macho. Nililala chali nikisikiliza bati lisilovuja, nikamwamsha mke wangu naye asikilize. Ilipofika Pasaka sikuwa naisikia mvua tena. Nilikuwa nawaza uzio. Ila kuna jioni moja ya mwaka uleule sijaizoea hadi leo: baba alikuja kutoka kijijini na mkungu wa ndizi, akakaa barazani bila viatu, akaniuliza habari za kila jirani kwa jina.

Wewe unaijua lumbesa kuliko mimi. Gunia limeshajaa hadi mdomoni, bado mnapandisha juu na kushona kwa kamba. Hamu ya mali iko hivyo, daima pana nafasi ya kuongeza juu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umetaja fuso, nyumba na masomo, lakini hukumtaja mtu hata mmoja unayecheka naye. Anza hapo. Safari mbili za mwezi huu mwachie dereva, urudi nyumbani watoto wakiwa macho. Na kama huko kutosikia kitu kumeambatana na kukosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, nenda hospitali uwaeleze hivyohivyo ulivyonieleza. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika, na mwenye nyumba ya vyumba vinne huugua kama mwingine.

Kamwene! Nasoma chuo hapa Iringa. Tunaambiwa kila mara pesa haileti furaha. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Iringa*

Kamwene, mwanangu. Hapana, si kweli hivyo. Mama anayehesabu sarafu za nauli usiku ili amfikishe mtoto hospitali, usimwambie maneno hayo.

Wasomi nao wamebishana. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walionyesha kwamba Marekani hali ya moyo ya kila siku hupanda pamoja na kipato, kisha husimama kwenye dola 75,000 hivi kwa mwaka. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaja na takwimu zake: haisimami. Kahneman na Killingsworth wakakaa meza moja, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja. Kwa watu wengi huendelea kupanda, lakini kwa wale wenye huzuni zaidi husimama kwenye dola 100,000 hivi. Mimi naelewa hivi: pesa huondoa dhiki inayotokana na kukosa pesa. Msiba, ndoa iliyovunjika, upweke, hayo haiyafikii. Kwa hiyo itafute bila aibu.

Mwanangu yuko Dar es Salaam, ana cheo. Kila mwezi pesa inaingia kwenye simu. Huu mwaka wa tatu hajafika nyumbani. Majirani wananipongeza, nami naona haya kusema kwamba nalia.
*Mama, Tukuyu*

Shikamoo mama. Usione haya. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya watu tangu 1938, na kikaona kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Kwa hiyo unachokililia kinamhusu yeye kama kinavyokuhusu wewe. Huenda anaamini ile pesa imekuja badala yake, na kila unaposema "ahsante, nimepokea" anathibitisha.

Mwambie wazi, bila lawama: "Mwezi huu usitume, panda basi uje. Kuna mkungu nyuma ya nyumba umekomaa, nataka uukate wewe." Asipoweza mwezi huu, akupe tarehe. Tarehe, mama, si "nitakuja."

Jirani alinitangulia kupanda parachichi, sasa anavuna. Yangu ina mwaka mmoja. Nikipita shambani kwake roho inaniuma.
*Makambako*

Mche uliobebeshwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, hata shambani kwa jirani yako ilikuwa hivyo. Watafiti walizitazama sura za wanamichezo wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992: aliyepata medali ya shaba alionekana mwenye furaha kuliko aliyepata ya fedha, kwa sababu wa fedha macho yake yalikuwa kwa yule aliyemzidi. Acha kupita pembeni ya shamba lile. Ingia, umsalimie, umuulize mwaka wa kwanza alikingaje miche na baridi ya Julai.