Nahau za Kiingereza za Kushtukizwa: Ushauri kwa Wafasiri Wapya

Mfasiri anayeanza kazi ya habari, ripoti za kampuni au hotuba za viongozi atakutana mapema na kundi la nahau za Kiingereza zinazoonekana kusema jambo moja tu, kwamba mtu amefikiwa na asilolitarajia, naye atashawishika kuandika "alishtukizwa" kila zinapotokea. Ninawasihi mjizuie. Nahau hizo zinatofautiana katika jambo zito, nalo ni kama aliyepatwa analaumiwa au halaumiwi, na mfasiri asiyeliona anaweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa au kuifuta shutuma ambayo mwandishi aliikusudia.

Tazameni "caught off guard" na "caught napping". Katika nahau ya kwanza, "guard" ni msimamo wa kujikinga wa mpiganaji. Aliyeshambuliwa akiwa ameushusha huenda hakuwa na sababu yoyote ya kuuinua, kwa hiyo kauli yenyewe haimhukumu. Nahau ya pili inasema kwamba mhusika alisinzia wakati wa kukesha. Mhariri wa gazeti akiandika "The ministry was caught napping", ameishutumu wizara kwa uzembe, na tafsiri inayosema "wizara ilishtukizwa" imeitetea bila kuagizwa. Mimi huandika "wizara ilikutwa imelala", kwa kuwa msomaji wetu anausikia ukali huo mara moja. Pale penye "caught off guard" hutosha kusema "jambo hilo liliifikia wizara bila kutarajiwa". Neno "kufumaniwa" liepukeni katika habari za aina hii, maana wasomaji wengi watafikiria mambo ya unyumba kabla hawajafika mwisho wa sentensi.

"Caught flat-footed" humchora mtu aliyekanyaga kwa wayo mzima, asiyeweza kuchomoka upesi, na lawama yake ni ya kuchelewa kuchukua hatua. "Blindsided" imekuzwa na mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako mchezaji huangushwa kutoka upande asioutazama. Ofisini mara nyingi hudokeza kwamba kuna aliyejua na akanyamaza. Mkurugenzi anayesema "I was blindsided" analalamika, na tafsiri kama "sikudokezwa lolote" inamtendea haki zaidi kuliko "nilishangaa".

"Taken aback" inahitaji uangalifu wa peke yake. Ilitoka kwa mabaharia wa merikebu za matanga: upepo ulipogeuka ghafla na kuvuma kutoka mbele, matanga yalisukumwa nyuma yakagandamana na mlingoti, chombo kikasita. Nahau hii inahusu mshtuko wa moyoni, wala haisemi lolote kuhusu maandalizi. Wakurugenzi waliosoma kila karatasi kabla ya kikao wanaweza bado kuwa "taken aback" na maneno ya mkaguzi wa hesabu. Tukiandika kwamba "hawakujiandaa" tumewasingizia. "Walipigwa na butwaa" inafaa ikiwa walikosa la kusema, na "walishtushwa" ikiwa mshtuko ulikuwa mdogo.

"Out of the blue" hueleza tukio lilivyokuja, si mtu. Imefupishwa kutokana na picha ya radi inayopiga mbingu zikiwa hazina wingu, na Kiswahili kina "ghafla bin vuu" kwa habari nyepesi, ingawa katika hati rasmi ni bora kusema "bila dalili yoyote".

Zipo pia zinazohitaji hadhari ya adabu mnapoandika kwa Kiingereza wenyewe. "Caught with one's pants down" haifai katika barua ya kikazi. "Caught short" huko Marekani inaweza kumaanisha kupungukiwa na fedha, lakini Mwingereza ataelewa kwamba mtu amebanwa na haja akiwa mbali na choo. Kwa msomaji wa London, andikeni waziwazi kwamba fedha hazikutosha.