Barua kwa mwanangu: ubongo wako na hofu

Mwanangu mpendwa,

Katika barua yako umeniuliza kama wasiwasi wa miaka yote hii umekuharibia ubongo, maana siku hizi unaingia chumbani na kusahau ulichofuata. Kabla ya yote nataka ujue kwamba hukuwa mzembe hata siku moja. Hofu si tabia, mwanangu. Ni kazi ya mwili.

Amigdala, sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo, ikihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli, homoni zinazouandaa mwili kwa hatari. Hatari ikipita, kotisoli hushuka. Hatari yako wewe haipiti, kwa kuwa hata huioni ilipo. Mwaka 1968 mtafiti wa ubongo Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni ya aina hiyo hunasa kwenye hipokampasi ya panya, mahali panapojenga kumbukumbu mpya. Baadaye ikaonekana kwamba panya wakisumbuliwa muda mrefu, matawi ya seli za hapo husinyaa, na ya sehemu ya mbele, ile ya kutafakari, vilevile. Ya amigdala yanastawi.

Unakumbuka mwalimu yule aliyekusimamisha mbele ya wazazi? Usiku wa kuamkia siku hiyo ulinisomea shairi zima bila kukwama, baba yako shahidi. Pale mbele ukanyamaza, jasho likikutiririka, naye akasema, "Huyu kichwa chake hakishiki." Akacheka! Mpaka leo kicheko kile kinanichoma. Kichwa kilikuwa kimeshika. Mtu akijawa na hofu, hata anachokijua hukataa kutoka. Hofu si tabia, narudia.

Halafu najibishana mwenyewe: mbona dada yako, nyumba ile ile, malezi yale yale, analala fofofo? Labda ni damu. Bibi yako hakufumba jicho mpaka wa mwisho wetu arudi. Lakini tafiti za mapacha hukadiria urithi kuwa karibu asilimia 30 tu ya tofauti kati ya watu katika wasiwasi wa aina yako, kwa hiyo bibi tusimtwike mzigo wote.

Umeharibika? Panya vijana walipopumzishwa, matawi ya sehemu ya mbele yalirefuka tena. Wazee hawakupona vile. Mtu si panya, najua. Ila nawe bado kijana, na mimi nalishika hilo kwa mikono miwili.

Kuhusu dawa alizokuandikia daktari, ulinikataza nisiseme. Haya. Neno ninalo, tangu juzi linaniwasha ulimi, nalimeza. Lakini ile tiba ya mazungumzo uliyoiacha katikati, ya kuzihoji fikra na kuikabili hofu hatua kwa hatua, imepimwa mara nyingi na imewafaa wengi. Hilo siwezi kulinyamazia.

Ukirudi kwa daktari, mweleze na kusahau huko. Kukosa usingizi nako huleta usahaulifu, na barua yako nzima hujaniambia unalala kwa saa ngapi. Niambie.

Mama yako