Majibu kwa Wasomaji: Kuuingia Msitu wa Arabuko-Sokoke kwa Miguu

SWALI: Mhariri, mimi ni mlezi wa chama cha mazingira katika shule moja ya sekondari. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Tulifika ikikaribia adhuhuri, tukatembea wote pamoja, na tukatoka bila kuona mnyama isipokuwa kima wachache. Wanafunzi waliokwisha kwenda Tsavo walisema kwamba msitu huo hauna kitu. Je, kuna haja ya kurudi? (Mwalimu, Mariakani)

JIBU: Mwalimu, haja ipo, ila msitu huu una namna yake ya kutembelewa. Tsavo ni nyika wazi, jicho linafika mbali na gari linamsogeza mtu hadi karibu na ndovu. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba kati ya Kilifi na Malindi, na ndio mkubwa kuliko yote katika misitu mikavu iliyosalia kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Hazina yake imo katika viumbe wadogo, na baadhi yao hawapatikani ila hapo na katika maeneo machache ya jirani. Wanafunzi wakiandaliwa darasani kabla ya safari ili wajue wanamtafuta nani, watatembea kwa subira zaidi.

Saa mliyofika iliwaponza. Jua likishakuwa kali, ndege hunyamaza na wanyama hujificha vichakani. Safari hii fikeni mapema katika kituo cha msitu cha Gede, karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, ili saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe tayari mmeshika njia. Na kwa kuwa Mariakani ni mbali, ni heri mlale Gede au Malindi usiku wa kuamkia siku hiyo. Wagawe wanafunzi katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake anayeujua msitu. Miguu arobaini inayokanyaga majani makavu kwa pamoja humfukuza kila mnyama muda mrefu kabla hajaonekana.

Mnyama ambaye ningependa sana wanafunzi wako wamwone ni sange wa kiuno cha dhahabu. Ana uzito wa takriban nusu kilo, miguu myembamba, na pua ndefu laini anayoipekuapekua katika majani makavu akitafuta mende, buibui, jongoo na nyungunyungu. Na sehemu ya nyuma ya mwili wake ina manyoya ya manjano yanayong'aa hata kivulini. Mara nyingi sikio hutangulia jicho: kwanza utasikia mchakacho wa majani unaoanza na kukoma, unaoanza na kukoma, na hapo yafaa kila mtu asimame palepale alipo bila hata kunyoosha kidole. Akishtuka, huyapiga majani kwa mkia wake, kisha hutimka. Ngozi iliyo chini ya manyoya hayo ya manjano ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mgongo, na watafiti wanadhani kwamba humkinga na meno ya sange wenzake wanapofukuzana mipakani. Dume na jike hukaa katika eneo moja, lakini kila mmoja hujitafutia chakula chake, na hulala katika viota vya majani ambavyo mtu asiyeelekezwa hawezi kuvitofautisha na rundo lolote la majani yaliyoanguka. Mwombeni kiongozi awaonyeshe kiota kimoja, kwa mbali. Hapo wanafunzi wenyewe wataelewa kwa nini watembeaji wanatakiwa kufuata vijia na kuacha kukanyaga ovyo.

Jambo la pili la kuwaeleza ni kwamba ndege wengi wa humu huzunguka katika makundi ya aina mchanganyiko, wakipita pamoja kutoka mti hadi mti wakiokota wadudu. Kwa hiyo mnaweza kutembea nusu saa nzima bila kusikia hata mlio mmoja, kisha kundi likawafikia na matawi yote juu yenu yakajaa ndege kwa dakika chache. Kundi likifika, msilifuate. Simameni, lipite juu yenu.

Mkipata gari, msiishie karibu na kituo tu, kwa sababu Arabuko-Sokoke ni kama misitu mitatu iliyopakana. Upande wa mashariki kuna miti ya aina nyingi, ikiwemo mibambakofi. Penye mchanga mweupe kuna miti ya mirihi iliyoachana, na jua hupenya hadi chini. Kwenye udongo mwekundu upande wa magharibi kuna vichaka vizito vya miti ambayo wataalamu huiita Cynometra. Ukanda wa mirihi ndio unaopendwa na kwera wa Clarke, ndege anayejulikana katika kaunti ya Kilifi peke yake. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua anataga wapi, hadi viota vyake vilipopatikana mwaka 2013 huko Dakatcha, kaskazini mwa msitu huu. Wanafunzi wako wakisikia kwamba swali kubwa kama hilo lilijibiwa juzijuzi tu, tena katika kaunti yao wenyewe, huenda mmojawapo akatamani kulijibu swali linalofuata.

SWALI: Je, naweza kumwona bundi wa Sokoke bila kuingia msituni usiku? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Inawezekana. Bundi huyu ana urefu wa sentimita 16 hivi, na mchana hulala katika vichaka vya ule ukanda wa udongo mwekundu, mara nyingi kwenye tawi la chini, wakati mwingine wawili wakiwa wamegusana mabega. Viongozi wazoefu wanayajua maeneo yao ya kulala. Nakusihi usimchezee sauti yake kwa simu ili ajitokeze: hudhani kwamba mgeni ameingia eneo lake, akaacha kupumzika bure. Nje ya msitu huu anajulikana tu chini ya milima ya Usambara, Tanzania, na hakuna sababu ya kumsumbua ndege adimu kiasi hicho kwa ajili ya picha.

SWALI: Nina watoto wa miaka sita na tisa. Nasikia kuna ndovu msituni. Je, ni salama kutembea nao? (Mama wa watoto wawili, Nyali)

JIBU: Dada, ndovu wapo kweli, ingawa ni waoga na huonekana kwa nadra. Kwa sababu hiyo usiingie bila kiongozi: yeye husoma kinyesi, matawi yaliyovunjwa na mwelekeo wa upepo, na akisema mrudi nyuma, rudini bila kubishana. Kwa watoto wa umri huo njia fupi karibu na Gede inatosha. Wavalishe suruali ndefu na viatu vya kufunika, mbebe maji, na waambie wasishike maganda yenye manyoya, kwani upupu huwasha vibaya. Siafu wakionekana njiani, wabebe watoto muwaruke. Wakati wa masika epukeni barabara za ndani za udongo mwekundu, maana magari hukwama.

Jua likishapanda, nendeni Kipepeo, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 na ulioko penye magofu ya Gede. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa zao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, kwa maonyesho ya ng'ambo, na hivyo msitu ukiwa mzima huwaingizia pesa. Watoto wataweza kumwona kipepeo akitoka kwenye ganda lake, jambo ambalo msituni ni bahati kulikuta. Mkitaka kununua kinyago cha ukumbusho, ulizeni kimechongwa kwa mti gani, mchukue cha mwarobaini mkiache cha muhuhu, kwa sababu muhuhu ni miongoni mwa miti inayokatwa kwa wizi humo ndani.

Alasiri mnaweza kumalizia kwenye ghuba ya Mida, penye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Ada ya hapo husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya msitu. Ulizeni mapema saa za maji kujaa, mfike yanapoanza kupanda, kwa sababu wakati huo ndege wa pwani husogezwa karibu na daraja.