Ubingwa wa taifa na ushindi wa Safari Rally

Ndugu, umeuliza inawezekanaje dereva atwae ubingwa wa taifa wa mbio za magari nchini Kenya bila kushinda Safari Rally. Ubingwa huamuliwa kwa jumla ya pointi za raundi za msimu mzima, hivyo dereva anayemaliza wa pili au wa tatu mara kwa mara humpita yule anayeshinda raundi moja kisha akavunja ekseli katika mbili zinazofuata. Kwa barabara zetu jambo hili lina uzito mkubwa: katika mkondo wa Kedong, yaani kipande cha njia ya mashindano kinachopimwa muda, karibu na Naivasha, magurudumu huzama kwenye vumbi laini linaloficha mawe, na mvua ikinyesha njia hiyo hiyo hugeuka tope. Safari Rally, iliyofanyika Juni kuanzia 2021 hadi 2023, ilihamishiwa Machi mwaka 2024, jirani kabisa na masika, na kuchagua matairi kukawa kugumu zaidi. Binafsi namheshimu sana dereva anayejua mahali pa kupunguza mwendo, pamoja na mwelekezi anayemsomea kila kona mapema, ambaye naye hushindania ubingwa wake.